Ukuta Usiomjibu Kidoti

Kila siku baada ya shule Chiriku alifua soksi zake, akazianika, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo. Kazi yake ilikuwa kuokota vipande vya vitambaa na pini zilizoanguka sakafuni. Jina la Chiriku alipewa na mama huyo huyo, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. "Siku utakayonyamaza nitajua unaumwa," mama alimtania.

Sakafu ikishakuwa safi, Chiriku alifungua kompyuta kuukuu aliyoazimwa na Fundi, mwanamke aliyetengeneza simu na kompyuta mtaa wa pili. Ndani yake mlikuwa na programu iliyosikiliza sauti kupitia maikrofoni, ikazigeuza kuwa picha papo hapo. Ukipiga kofi, duara la buluu linachipuka. Ukiimba, mistari inainama kama nyasi penye upepo. Chiriku alibonyeza vitufe kuchagua rangi na maumbo, na alichochagua kilionekana saa ile ile.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa nane mchana, Fundi aliwakusanya watu wenye mapenzi hayo katika ukumbi wa maktaba. Alikuwapo mchora mabango, alikuwapo mwalimu wa hisabati aliyestaafu, na vijana kadhaa wa chuo. Walifunika madirisha kwa vitambaa vyeusi, wakawasha projekta, na kila mwenye zamu akachora ukutani kwa mwanga huku muziki ukipigwa.

"Hapa chakula kinapikwa mbele ya wageni," Fundi alipenda kusema. "Kiporo kaleni kwenu."

Watu walicheka, lakini walimwelewa. Hakuna aliyeruhusiwa kuleta video iliyokwisha kutengenezwa. Ikikwama, imekwama; unaanza upya.

Mwezi huo zamu ilimwangukia Chiriku kwa mara ya kwanza, na mjomba wake ndiye angepiga ngoma. Chiriku alitangaza habari hiyo mtaa mzima. Alimwalika hata Kidoti, binti wa seremala, mtoto wa miaka kumi mwenye alama nyeusi shavuni. Kidoti hakuwa akisikia tangu alipougua utotoni. Chiriku alikuwa amejifunza lugha ya alama kidogo kidogo kwa kucheza naye.

"Njoo," alimwambia kwa mikono. "Utaiona ngoma kwa macho."

Kidoti alimuuliza mara tatu kama ni kweli.

Alhamisi walifanya mazoezi ya pili. Mjomba alipoanza tu, kompyuta iliganda. Wakaanza tena, ikaganda tena, na duara moja likabaki limening'inia kwenye kioo kama embe bichi.

"Si neno, mpwa wangu," Mjomba alisema. "Hata ngoma hupasuka. Tutarudia."

Lakini Chiriku aliona akilini ukumbi mzima ukimcheka. Usiku alijigeuza kitandani kama chapati, na Ijumaa alikumbuka kitu. Jumanne, walipofanya mazoezi ya kwanza na Mjomba na picha zikatoka safi kabisa, aliirekodi kazi yote. Angeicheza ile video, naye ajifanye anabonyeza. Mjomba angepiga mapigo yale yale. Nani angejua?

"Mbona leo kimya?" mama alimuuliza akiwa kwenye cherehani. "Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Nimechoka tu."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Chiriku aliketi mbele ya kompyuta, akaiwasha video, na Mjomba akaanza kupiga. Maduara yakachipuka ukutani, yakapasuka, yakawa mvua ya dhahabu. Vidole vya Chiriku vilirukaruka juu ya vitufe ambavyo havikuwa vikifanya lolote. Watu wakashangilia. "Lo!" alisema mwalimu mstaafu. "Mikono ya mtoto huyu ina macho!"

Kidoti alikuwa ameketi sakafuni, kiganja amekibandika ubavuni mwa ngoma. Aliangalia ukuta, akaangalia ngoma, akaangalia ukuta tena. Alikuwa amekunja uso.

Mjomba, ambaye hakuwa na habari yoyote, aliona hamu ya mtoto yule. Akaacha kupiga, akamwashiria apige yeye. Kidoti akainua mkono, akapiga. Pa! Ukutani, mistari ya kijani iliendelea kujikunja taratibu, kama vile hakuna kilichotokea. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Ukuta haukumjibu. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka kidogo.

"Maikrofoni hiyo imeniangusha!" Fundi alisema. Akapiga magoti, akatambaa chini ya meza na kuanza kukagua nyaya moja moja. "Poleni, jamani. Mtoto hana kosa. Nyaya hizi nilizifunga mimi mwenyewe."

Kidoti alimgeukia Chiriku. "Ngoma yangu ni mbaya?" aliuliza kwa mikono. "Nimekosea?"

Uongo ulikuwa umeshatandikiwa mkeka. Alichohitaji Chiriku ni kutikisa kichwa na kuuachia waya lawama. Akatazama visigino vya Fundi vilivyochomoza chini ya meza, vyenye vumbi la sakafu. Akamtazama Kidoti aliyekuwa amekunja mikono mapajani, haigusi ngoma tena.

"Fundi, toka huko chini," alisema. "Waya ni mzima. Ni video. Niliirekodi Jumanne. Sikuwa nikichora chochote."

Fundi akatoka chini ya meza, akajipangusa magoti.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Alhamisi iliganda mara mbili. Niliogopa kuchekwa."

Kisha akamwelekea Kidoti, akayarudia maneno yale yale kwa mikono, akaongeza: "Hukukosea. Nilikudanganya. Nisamehe."

"Mkono wangu ulisema moja, ukuta ukasema jingine," Kidoti alisema kwa mikono. "Nilidhani mimi ndiye mjinga."

Alama hizo zilimchoma Chiriku kuliko kicheko chochote. Akaifunga video, akafungua programu, machozi yakimdondoka juu ya vitufe.

"Hii inaweza kuganda," aliwaambia watu.

"Igande!" mchora mabango alijibu. "Mimi mwezi uliopita niliwaonyesha ukuta mweupe robo saa nzima."

Ikaganda kweli. Fundi akainama, akamwonyesha jinsi ya kupunguza maumbo ili kompyuta isielemewe. Chiriku akaanza upya na duara moja tu, jekundu, bila madoido. Akamwashiria Kidoti, naye Kidoti akanyoosha mkono kwa wasiwasi, akapiga.

Duara likalipuka ukutani, kubwa kama mlango.

Kidoti aliruka kwa mshtuko. Akapiga kwa ncha ya kidole, likatokea doa dogo kama punje. Akapiga kwa viganja viwili, mfululizo, na ukuta ukawaka. Alipoacha, ukuta nao ukaacha. Akacheka kwa sauti, kicheko ambacho yeye mwenyewe hakukisikia, na ukumbi mzima ukacheka naye. Chiriku akawa anambadilishia rangi kila anapopiga. Mara mbili alikosea, mara moja picha ikapotea kabisa, na hakuna aliyejali.

Mkutano ulipokwisha, Chiriku alibaki akikunja vitambaa vyeusi. Seremala, baba yake Kidoti, alikuja akashika ncha ya pili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Chiriku alingoja kukaripiwa.

"Mguu wa kiti ukipasuka," seremala alisema, "naweza kuziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, nikapaka rangi. Kitapendeza dukani, na watu watanisifu. Siku kikivunjika, mimi fundi sitaanguka. Ataanguka yule aliyeniamini akakikalia."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Leo alianguka Kidoti."

"Alianguka, nawe ukamwinua mbele za watu, na hilo si jepesi. Kuogopa kushindwa si dhambi, mwanangu. Kila fundi anaogopa. Lakini kazi yenye kasoro mbele ya macho ya watu inaweza kurekebishwa, maana wapo wa kukusaidia. Kasoro uliyoificha, nani atakusaidia kuirekebisha?"

Alipokea kitambaa kilichokunjwa, akakiweka juu ya vingine, kisha akamwita binti yake kwa kupunga mkono. Kidoti hakumwona. Alikuwa ameibana ngoma ya Mjomba kwa magoti, akimwambia Chiriku kwa mikono yote miwili: "Bado. Washa tena."