Bati la Mzee Ngui

Paa lilikuwa limelowa. Matone madogo kama vichwa vya pini yalikuwa yamejipanga kwenye mikunjo ya bati, na paa lenyewe halikuzidi urefu wa kiganja. Nzau aliyafuta kwa kitambaa, akainua macho kutazama dari. Zege kavu. Nje, mtaa wote wa Lucky Summer ulikuwa ukiwaka jua la Januari.

Alipogeuka kutafuta gundi, akarudi tena mezani, paa lilikuwa limelowa upya.

Nzau alitengeneza mifano midogo ya majengo ya wakati wa vita. Wateja wake walikuwa watu wa historia, wasiosamehe kosa. Huu wa sasa ulikuwa mfano wa bohari la jeshi la Vita vya Pili vya Dunia, lile la bati lililopinda tangu ardhini upande huu hadi upande wa pili, kama pipa lililopasuliwa katikati likalazwa kifudifudi. Vibati vyake alivikata kutoka mikebe ya soda, akavikandamiza juu ya ubao wenye mifereji mpaka vikapata mikunjo. Kisha akavipaka kutu ya kweli, aliyoikwangua kwenye bati la kweli.

Bati hilo lilikuwa nyuma ya kochi. Alimwambia mkewe, Kavinya, kwamba alilinunua kwa wauza vyuma chakavu. Alimdanganya.

"Baba Mueni, umemwaga mafuta ya taa?" Kavinya aliuliza mchana huo, akisimama mlangoni.

"Tangu lini tukawa na mafuta ya taa hapa?"

"Basi ni nini kinanuka? Mafuta ya taa, na blanketi lililolowa." Akatega sikio. Sauti yake ikashuka. "Na nani anakohoa?"

Nzau alikuwa amemsikia tangu asubuhi. Kikohozi kilitoka mezani, ndani ya lile bohari dogo, chembamba na cha mbali, lakini alikijua. Kilikuwa kikohozi cha Mzee Ngui.

Mzee Ngui alikuwa mlinzi wa yadi moja iliyoachwa, upande wa mtaa wa Baba Dogo, mahali ambapo bohari la namna hiyo lilikuwa bado limesimama. Ndani yake ndimo alimolala, kando ya taa yake ya mafuta. Nzau alikwenda huko kabla ya mvua za vuli, akapima mikunjo, akapiga picha, lakini picha hazikumtosha. Alitaka kuona bati moja lilivyolalia jingine, bolti zilivyokaa, kutu ilivyotambaa. Akaomba aazimwe bati moja.

"Chukua, kijana wangu," mzee alimwambia. "Lakini usikawie. Hapo ndipo kitanda changu kilipo."

"Wiki hii hii, mzee."

Akaziba pengo kwa karatasi ya nailoni, akaondoka. Mvua ilipoanza, bati lilikuwa nyuma ya kochi, na Nzau alikuwa bado akitafuta rangi inayofanana na kutu ile. Kila mawingu yalipofunga alisema kesho. Simu ya mzee ilipoita, aliitazama ikiita mpaka ikakatika. Ikaita tena siku nyingine, akaigeuza kifudifudi mezani. Baadaye akasikia mzee amekufa, kifua kilimbana. Hakwenda mazishini. Angemtazama nani usoni?

Sasa alimsukuma Kavinya taratibu nje ya chumba, akainama kuchungulia kwenye kimlango cha bohari, na humo ndani, ambamo hakuwa ameweka kitu chochote, akaona kitanda kidogo na blanketi lililovutwa mpaka juu, na blanketi lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, huku matone yakidondoka juu yake kutoka kwenye paa ambalo yeye mwenyewe alilibana kwa gundi lisipitishe hata mwanga, na kila tone lilipoanguka aliyekuwa chini ya blanketi alijikunja zaidi, mpaka Nzau akahisi baridi ya maji hayo ikipenya kwenye kifua chake mwenyewe, akakohoa, na aliye ndani ya bohari akakohoa pamoja naye.

Alipiga kelele. Kavinya akaingia mbio, akamkuta sakafuni, shati likichuruzika maji.

Jioni hiyo Kavinya alimleta Mama Asenath, mwombezi kutoka mtaa wa Huruma aliyejulikana kwa kutoa mapepo. Mama Asenath hakufungua Biblia. Alizunguka chumba, akalisogeza kochi, akaweka kiganja juu ya lile bati.

"Hili ni la nani?"

"Nilinunua," Nzau alisema.

"Nimekuuliza ni la nani."

Kavinya alimtazama mumewe, na Nzau akashindwa kuyainua macho. Akaeleza yote, kwa sauti ya chini, hata zile simu mbili. Kavinya aliketi, akafunika mdomo kwa leso.

"Mimi hufukuza mapepo," Mama Asenath alisema. "Huyu siwezi kumfukuza. Nimfukuzie wapi, na nyumba yake umeifungua? Mrudishie."

Nzau akaichukua simu, akapiga namba ya mzee. Ilipokelewa na mwanamke, Kasiva, binti wa marehemu.

Asubuhi walikutana getini kwenye yadi. Kasiva alimsikiliza mpaka mwisho, asimkatize.

"Mbona hukuchukua simu?" aliuliza. "Alitaka kukuambia usilete bati kwenye mvua, utateleza kule juu. Nilikuwa nimeketi karibu naye akipiga."

Nzau alilinyanyua bati kwa mikono miwili.

"Panda," Kasiva alisema.

Akapanda, akalilaza bati kwenye pengo, likakaa sawasawa. Akachomeka bolti ya kwanza. Nati ilitakiwa ifungwe kwa ndani, na kabla hajaomba msaada akahisi mtu kule chini ameishika bolti, anaikaza. Taratibu, kwa mkono unaotetemeka kidogo. Akachomeka ya pili, ikakazwa. Ya tatu.

"Asante, dada," alisema. "Bado moja tu."

"Asante ya nini?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Kasiva alikuwa bado amesimama kule getini, funguo za bohari mkononi.

Bolti ya mwisho ilizunguka chini ya vidole vya Nzau, ikakaza, ikatulia. Akateremka akiparuza magoti. Walisimama wote wawili mbele ya mlango wa mbao, wakasikia mtu akivuta miguu ndani, halafu komeo likasukumwa polepole, likafungwa kwa ndani.

Nzau akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mzee," alisema. "Nisamehe, mzee."

Akangoja. Kasiva naye akangoja. Ndani hakukuwa na kikohozi, wala jibu.