Fundo la Tatu

Nilitaka tu kuingiza cherehani ndani kabla ya mvua. Ilikuwa Oktoba 1992, magharibi inakaribia, na wingu jeusi lilikuwa limeining'inia Biryogo yote, mtaa wetu wa Kigali.

Cherehani ya kukanyaga ni nzito. Mume wangu Shafiq alikuwa safarini na lori, na Shakira, binti yetu wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameng'ang'ania sketi yangu. Ndipo mkono wa mtu ukashika upande wa pili.

"Pole, dada. Wacha nikusaidie."

Sikumsikia akija. Alikuwa mwanaume mrefu, amevaa suti, sauti yake ya upole. Akachukua upande mzito yeye mwenyewe. Wateja wengi wangesimama tu kunitazama, kwa hiyo wema wake ulinigusa.

Suti yake ilikuwa imelowa chapachapa.

Mvua ilikuwa bado haijanyesha.

Alitoa mfukoni kibendera cha pembe tatu. Nilikitambua, kwa sababu ni kazi ya mikono yangu. Mimi ndiye niliyewashonea vibendera klabu ya wenye boti, wale matajiri wa Kigali wanaoweka boti zao Gisenyi na kusafiri pamoja, zikifuatana kandokando ya ziwa Kivu. Kila boti ina namba yake. Kwenye ukingo wa kibendera nafunga fundo moja kwa kila mtu wa boti ile, na uzi lazima utoke kwenye nguo ya mtu mwenyewe. Ukishafungiwa fundo, wewe ni wa klabu. Jioni wakitia nanga, mkubwa wa safari huita namba, na watu wa boti hujibu mmoja mmoja, "Tupo." Boti haiondoki mpaka wote wajibu.

Kibendera kile kilikuwa namba tisa. Kilinuka tope na majani yaliyooza. Mafundo yalikuwa mawili. Mahali pa la tatu palikuwa pamechanika.

"Fundo la mtoto limekatika," alinong'ona. "Mama yake halali."

"Uzi wa nguo yake iko wapi, baba?"

"Sina... Alikuwa na gauni la njano."

Maji yalimtiririka mashavuni. Nilidhani ni machozi, nikamwonea huruma. Nikapekua mkebe wangu: hakukuwa na uzi wa njano, na siku zile za vita maduka yalifungwa mapema.

Shakira alikuwa amevaa gauni la njano.

Uzi mmoja tu, nikawaza. Utampunguzia nini?

Nikauchomoa kwenye pindo la mwanangu. Nikafunga fundo.

"Asante sana, Mama Shakira," akasema, akatoka.

Sikuwa nimemtajia jina la mtoto.

Pale alipokuwa amesimama palibaki dimbwi dogo la maji, na ndani yake mchanga mweusi.

Siku ya tatu alikuja Mukagasana, katibu wa klabu, kuchukua mashati yao. Ni mama mcheshi.

"Fundi, hii cherehani yako inakohoa! Uipeleke kwa daktari!"

Nilicheka, nikamwambia nimeshatengeneza na kibendera cha namba tisa. Yeye akaacha kucheka.

"Nani alikuletea?"

"Mrefu, wa suti. Mpole sana."

Alikaa chini sakafuni, na gauni lake zuri.

"Habiyaremye," alinong'ona. "Alizama Julai. Yeye na mke wake. Hawakuonekana mpaka leo... Namba yao tuliifuta."

"Na mtoto?"

"Wavuvi walimtoa. Iko hai, kwa bibi yake, huko Kagugu."

Kumbe alikuwa akimtafuta mwanawe. Mimi nikampa wangu.

"Tulifungue hilo fundo!" nikasema.

"Kibendera kiko wapi?"

Alikuwa ameondoka nacho. Mukagasana alinishika mikono yote miwili. Kesho yake alirudi na nguo mpya za Shakira, akalichukua lile gauni la njano alichome kwa mkono wake. Alilimwagia mafuta ya taa. Akawasha kiberiti, njiti baada ya njiti.

Halikushika. Lilikuwa limelowa.

Shehe naye alikuja, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Alipoondoka hakunitazama usoni.

Sisi tunakaa mlimani. Ziwa liko mbali, safari ya saa nyingi kwa gari. Lakini kila jioni, adhana ikishaisha, nasikia maji yakipiga ukuta wangu.

Pa... pa... pa...

Kisha sauti inaita, "Namba tisa?"

Mwanaume anajibu, "Tupo."

Mwanamke anajibu, "Tupo."

Halafu kimya. Wanamngoja wa tatu.

Basi kila jioni namkumbatia Shakira na kumziba mdomo kwa kiganja. Shafiq hasikii chochote. "Mwache mtoto aongee, wewe mwanamke!" ananigombeza. Jirani zangu wanashangilia kila neno la watoto wao. Mimi sijamfundisha wangu hata moja. Mukagasana hupita kila Ijumaa, hukaa nami mpaka maji yanyamaze, na hajawahi kuniuliza nitaendelea hivi mpaka lini.

Na yule mtu, hata sasa ni mpole. Hagongi mlango. Akichoka kungoja, nasikia tu, karibu kabisa na tundu la ufunguo:

"Pole, dada."

Jana mchana, akichezea vifungo vyangu, Shakira alisema "mama". Ni neno lake la kwanza. Nilipaswa kupiga vigelegele.

Nililia.

Leo adhana imekwisha. Nimekaa kitandani, nimempakata. Nywele zake zimelowa, na sijamwogesha.

Pa... pa...

"Namba tisa?"

"Tupo."

"Tupo."

Kimya...

Nimekaza kiganja kadiri ninavyothubutu bila kumziba pumzi. Na chini ya kiganja changu nasikia midomo yake midogo ikijaribu neno la pili.