Kitambaa cha Kung'arishia Machungwa

"Kwenu kunaoza nini?" jirani aliuliza siku moja, ameziba pua. Tangu siku hiyo mama yake Kiherehere hakumwitikia hata salamu.

Kiherehere, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa jina hilo kwa kutojua kutulia. Kila akitoka shule aliingia stoo kufuta machungwa kwa kitambaa kibichi ili yang'are. Keshokutwa mnunuzi angekuja, naye alishasema: akikuta bovu moja tu, anaacha mzigo wote. Mavuno ya mwaka mzima yalikuwa humo.

Asubuhi mama alifungua kreti, akakuta ukungu wa kijani wenye ukingo mweupe. Alitoka mbio hadi kwa jirani.

"Maji machafu unayomwaga uani kwako yameingia stoo kwangu, machungwa yameoza! Una roho mbaya wewe!"

"Mimi? Hayo maji yanaruka ukuta?"

Jirani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la matunda, aliingia stoo bila kukaribishwa. Alibonyeza chungwa, kidole kikazama.

"Hili lilinyofolewa mtini badala ya kukatwa kwa mkasi. Ukungu ukapitia kwenye kidonda. Na haya yamekwaruzwa kwa kitambaa chenye mchanga, tena yamepakwa vumbi la kijani la ukungu. Nani anayafuta?"

Kiherehere, aliyesimama mlangoni, akasogea mbele. Akinyamaza, jirani atazidi kutukanwa bure.

"Ni mimi. Wiki iliyopita niliona mabovu mawili. Nikayafuta, nikayaficha chini nisigombezwe. Kisha nikafuta mengine kwa kitambaa kilekile."

"Mtoto wewe!" mama alifoka.

"Kelele hazitaokoa chungwa," jirani alimkatiza. "Mabovu na yaliyokwaruzika yatoeni yote. Mabovu mkayafukie mbali. Kreti zisugueni kwa sabuni, mzianike juani. Kitambaa kichomeni. Mazima yapangeni yasibanane, na dirisha liwe wazi."

Walifanya hivyo kutwa nzima, hakuna aliyecheka na mwenzake. Kesho yake mnunuzi alipekua kreti moja moja, akakosa la kulalamikia, akapakia yaliyobaki. Yalikuwa zaidi ya nusu ya mavuno.

Mama akamwita jirani, akamsimamisha Kiherehere mbele yake.

"Mwanangu, ukiona kosa, liseme lingali dogo. Ukilificha, linaharibu na yaliyo mazima. Mungu alikuona wewe na kitambaa chako, akaniona na mimi na ulimi wangu." Akamgeukia jirani. "Nisamehe, mama."

"Hukuniuliza kwanza. Ulinitukana," jirani alisema.

Akatoka, akarudi kwake.