Salamu kwa Binti wa Profesa

Maiti ilikutwa Jumatatu asubuhi, imeketi sakafuni, mgongo umeegemea kwa ndani mlango wa chumba cha baridi cha chuo kikuu. Marehemu alikuwa mtunza sampuli, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye wanafunzi walimwita Mama Barafu. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka vibaya.

Inspekta alivitazama vidole vile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

Daktari wa polisi alikadiria kwamba baridi ilimuua Ijumaa jioni. Kitasa cha ndani kilikuwa kibovu, na faili la maabara lilikuwa na barua mbili za marehemu akiomba fundi. Zote zilikuwa na saini ya mkuu wa maabara, Profesa, kwamba zimepokelewa.

Rafu ya tatu mle ndani ilikuwa tupu. Kwa mujibu wa daftari la marehemu, pale palikuwa na vichupa sitini vya damu ya watu wa koo zenye ugonjwa wa kurithi unaowapofusha ukubwani. Miaka sita alizunguka nyumba kwa nyumba kuikusanya, akiwaahidi wenyewe kwamba haitavuka mpaka bila ridhaa yao.

Mkuu wa ofisi ya utafiti alieleza, huku akijifuta jasho, kwamba chuo hakikatazi kushirikiana na wageni. Kinachotakiwa ni kila mtafiti atangaze anafanya kazi na nani nje, na sampuli zisafiri kwa kibali. Profesa alijaza fomu hiyo, na kwenye nafasi ya taasisi za nje aliandika "Hakuna." Inspekta aliuliza nani alihakiki. Mkuu wa ofisi akasema fomu hupokelewa tu, hazihakikiwi.

Ilimchukua Inspekta robo saa tu kwenye kompyuta. Picha ya Profesa ilikuwa kwenye tovuti ya taasisi moja ya ng'ambo, chini yake cheo cha mkurugenzi mwenza, mwaka wa pili sasa.

Alasiri alikwenda kwa mdogo wa marehemu, mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Macho yake yalizima akiwa na miaka thelathini na minane. Alisema dada yake alimpigia simu Ijumaa, saa tisa.

"Alisema mwalimu wake, Profesa, anataka kumfanya mwongo mbele ya watu waliomkaribisha majumbani mwao. Nikamwambia, dada, usigombane na mtu aliyekufundisha kazi. Akasema hagombani, anakataa tu."

Kisha akauliza kama damu yake nayo imeondoka. Inspekta alilifungua daftari. Kichupa cha arobaini na moja. Akamwambia ndiyo, imeondoka, na mwanamke yule akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa.

Kesho yake Profesa aliletwa kituoni.

"Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa ofisini kwangu tangu saa tisa."

"Ulisikia chochote?"

"Hapana."

Asubuhi ile Inspekta alikuwa ameketi ofisini kwa Profesa, kwenye kiti chake, mlango umefungwa, huku Sajini wake akigonga kutoka ndani ya chumba cha baridi na askari mwingine ameshika kitasa cha nje.

"Nilisikia kila pigo, Profesa. Na Sajini hakugonga kwa nguvu za mtu anayekufa."

Profesa alivua miwani. Alisimulia kwa sauti ya darasani, polepole, ili karani aandike. Alikuwa ameshafunga kasha la vichupa, mchukuzi yuko njiani. Mama Barafu akaingia chumba cha baridi kuhesabu vichupa, naye Profesa akausukuma mlango ukajifunga. Alitaka dakika kumi tu, kasha liondoke. Likaondoka. Ndipo alipowaza kwamba akimfungulia, atasema.

"Ukakaa unamsikiliza?"

"Nilikaa. Ulipokoma mlio nikachukua koti. Lakini haujakoma, Inspekta. Hata sasa hivi unapozungumza."

"Watu wa taasisi ile walikulipa nini?"

"Hawakunilipa. Binti yangu anasoma kwao. Wao ndio waliompa nafasi."

"Wakakutisha."

"Hata mara moja. Kila barua ilimalizia kwa kumjulia hali. Binti yako hajambo? Tunatumaini atamaliza masomo yake salama. Mwanzoni niliona ni adabu. Halafu wakaomba orodha ya wagonjwa, halafu vichupa, na salamu zikawa zinatangulia juu ya barua."

Ilibaki kumpigia simu binti. Nyuma ya sauti yake Inspekta alisikia sahani zikigongana. Binti alisema alikwisha acha masomo miezi minane iliyopita, yalimshinda, na sasa yuko mji mwingine, anafanya kazi jikoni hospitalini. Nyumbani hakusema, kwa kuwa baba alikuwa akijivunia yeye mno.

"Wao walijua umeondoka?"

"Walinisindikiza mpaka getini."

Inspekta alirudi chumba cha mahojiano akamweleza Profesa yote, bila kulainisha neno. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba aandikiwe tarehe ambayo binti yake aliacha masomo, akaiweka karatasi mezani, akaanza kuhesabu kwa vidole barua alizopokea tangu siku hiyo.