Noti Isiyo na Okapi

Jua la mji wa Baraka, Kongo, lilikuwa utosini, na Arlette alikuwa nyuma ya nyumba anafua nepi, aliposikia mtu anahesabu pesa chumbani. Kila mke wa mbadilisha pesa anaijua sauti ile: kidole kinalambwa, noti inavutwa, kidole kinalambwa tena. Lakini Anatole, mumewe, alikuwa sokoni tangu asubuhi kwenye meza yake ya dola na franka, na mlango wa mbele Arlette alikuwa ameufunga mwenyewe.

Aliingia na mikono yenye povu. Hapakuwa na mtu. Mtoto Tania alilala kitandani macho wazi, kimya, na karibu na kichwa chake ilikuwepo noti ya franka elfu moja, imelowa. Chumba kizima kilinuka kafuri na sabuni, harufu ya maiti anayeoshwa. Arlette akaigeuza ile noti. Mahali pa picha ya okapi, mnyama wa noti za Kongo, palikuwa peupe pe.

Anatole alipokuja kula, akaiona noti juu ya meza na kuruka.

"We! Usiishike na mikono ya maji! Nani aliitosha chini ya godoro kwenye niliificha?"

"Si miye. Ni feza gani hii?"

Akashusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Mashini ya kuchapa ilikosea. Guy, ule mununuzi wa noti wa Uvira, alinionyesha mu telefone. Ku Ulaya kuko bureau moja, banaangalia noti na lupe, kioo ya kukuza, banaipa points, banaifunga mu plastiki. Bakisema ni kosa ya kweli ya mashini, bazungu banalipa dola mingi sana."

"Na bakisema ni muntu aliifuta na dawa?"

Hapo ndipo palipomnyima Anatole usingizi. Kuituma kungemeza mtaji wote wa meza. Kumwuzia Guy hivyo hivyo kungekuwa kugawa mali bure. Mara apime, mara asipime, alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Ulipata wapi?" Arlette akauliza.

Anatole akatazama sahani yake. "Ku basani."

"Basani gani?"

"Ya matanga ya Divine."

Arlette akaacha kutafuna. Divine alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alikufa kwa uzazi, akamwachia Arlette, ambaye Mungu hakumpa mtoto, huyu Tania. Na basani la matanga kila mtu analijua: linawekwa mlangoni pa wafiwa, kila anayeingia anadondosha chochote cha kununulia sanduku na chakula. Kuna watu, na Mungu awaone, ambao noti ikikataliwa sokoni kwa kuchanika au kuoza wanaikunja mara nne na kuipeleka kwenye basani. Mfiwa anayelia atamrudishia nani noti?

"Nani aliitia mule?"

"Ni miye. Mukulima moja wa kijiji ya Swima aliniachia, sokoni bote baliikataa. Kisha Guy akanionyesha mambo ya telefone, nikarudi kuitosha. Niliweka nyingine muzuri! Sikuiba, bibi yangu."

Siku zote Arlette alimwita mumewe Papa. Siku hiyo hakumwita Papa.

"Anatole. Ndugu yangu alikuwa analala mule ndani na pamba mu pua, na we unamupa takataka ya sokoni? Na sasa imekuwa mali, unamunyanganya?"

"Usipige kelele, majirani..."

"Basikie! Basikie bote!"

Kuanzia hapo, kila mchana, watu wa mtaa wakijilaza na vivuli vikijificha chini ya miguu, mhesabuji alirudi. Kila alipohesabu, Tania aliachia biberon, chupa yake ya kunyonyea, na kukataa maziwa, mpaka mbavu zake zikaanza kuonekana. Na siku moja Arlette alikuwa amempakata, anambembeleza anywe hata tone, harufu ya kafuri ikaingia kabla ya sauti, kidole kikalambwa nyuma ya pazia, noti ikavutwa, kikalambwa tena karibu zaidi, kando ya kitanda, karibu zaidi, nyuma ya sikio lake, mpaka akahisi ubaridi wa mate shingoni, na badala ya noti kuvutwa ikatoka sauti aliyolelewa nayo kwenye mkeka mmoja, sauti ya Divine, lakini yenye hasira ambayo Divine hakuwahi kuwa nayo, ikasema, "Yaya, dada yangu mukubwa, ile soko ilikataa, njo ile mulinipa miye? Basi na miye nitatosha changu."

Tania akalegea mikononi mwake.

Arlette alikimbia bila viatu hadi kwa Mama Gentille, mwenye chumba cha maombi. Mama Gentille alimpaka mtoto mafuta, akaomba mpaka jasho likamtoka, kisha akasema polepole:

"Huyu si ndugu yako, mwanangu. Ni jini. Lilikuta nafasi nyeupe, likakaa. Lilisikia hasira ya marehemu, likaivaa. Ile feza ikipewa bei, jini nalo litadai bei yake, na bei yake umeipakata. Iharibu."

Arlette alirudi na Tania mgongoni, woga umemtoka. Jini au si jini, maneno ya ile sauti yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomchoma.

Nyumbani alimkuta Guy amesimama na bahasha, pikipiki inanguruma uani. Anatole alikuwa ameamua: ipimwe. Mtaji wa meza ulikuwa tayari mfukoni mwa Guy, na noti mkononi mwa Anatole, anaipulizia vumbi kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

"Mutoto anakufa," Arlette akasema.

"Ikipata points ya juu, tutamupeleka mpaka Bukavu, kwa docteur mukubwa..."

Hakumaliza. Arlette aliinyakua noti, akaichana katikati, pale pale peupe.

Nyumba nzima ikatoa pumzi. Harufu ya kafuri ikakatika. Tania akalia, kilio cha mtoto mwenye njaa, kizuri kuliko wimbo wa kanisani. Guy aliguna, akatupa mtaji wa Anatole mezani, akapanda pikipiki akaenda. Noti iliyochanika, hata Ulaya nani ataitaka? Anatole alipiga magoti, anakusanya vipande, machozi yanamtoka.

"Umetuua, mwanamuke! Umetuua!"

Arlette akaenda jikoni na mtoto. Alikaa, akamtilia Tania biberon mdomoni, na mtoto akanyonya kwa nguvu, koo linacheza. Arlette alilia kwa furaha na kwa hasira, vyote pamoja.

Ndipo aliposikia, chumbani, sauti ya skochi, utepe wa gundi, ikivutwa. Krrr. Ikakatwa kwa meno. Kidole kikapapasa, kinalainisha, taratibu, kwa upendo.

Tania akaachia biberon.

Maziwa yakamtiririka kidevuni. Macho yakabaki wazi, yanatazama nyuma ya bega la mama yake.

Arlette hakugeuka kuona ni nini. Alimlaza mtoto kwenye kitenge, akamfunika vizuri, akachukua mchi wa kutwangia sombe uliosimama kwenye kinu, na kuelekea chumbani kwa mumewe.

Jini angepambana nalo baadaye.