Udi Mchana Kweupe

Saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma cha kinyozi, mjini Hải Dương.

Kếnh alichora mezani kwa kidole kilicholowa chai. Hapa nyumba ya kutambikia ya ukoo. Hapa madhabahu. Juu yake chetezo cha kauri, bluu kwa nyeupe, kazi ya tanuri za kale za Chu Đậu. Saa saba kijiji kizima kimelala kwa joto. Sửu abaki nje na pikipiki. Thoại aingie na Kếnh, maana ukoo ni wake na kitasa anakijua.

"Na bamkubwa?" aliuliza Thoại. Mzee Nhẫn, mlinzi wa nyumba ile, ndiye aliyemlea Thoại baada ya baba yake kufa.

"Hataguswa. Nishasema."

"Sema tena."

Kếnh akanywa chai yake.

Saa saba na dakika kumi.

Chetezo kilikuwa palepale, kimejaa majivu ya vizazi. Kếnh akanyoosha mkono, Thoại akaudaka. Kukiondoa bila kuwaomba ruhusa marehemu? Jambazi alikuwa, lakini hilo hapana. Akawasha vijiti vitatu vya udi, akavichomeka majivuni, akainama. Jamani, mtu anaiba huku anabisha hodi!

"Twende," Kếnh alinong'ona.

"Mpaka viishe. Ndiyo desturi."

"Hata mama yangu husubiri viishe. Ila mama yangu haibi."

Moshi ukapenya hadi chumba cha uani, alikolala mzee. Saa ile hakuna anayechoma udi. Akaja peku, macho yake yana ukungu, akinusa.

"Nani? Thoại?" Uso ukamchanua. "Umekuja kuwasalimia babu zako. Umekula, mwanangu?"

Kisu cha Kếnh kikamwingia mzee chini ya mbavu.

Thoại alikinyakua chetezo kwa mikono miwili, safari hii bila ruhusa ya mtu, akakishusha kichwani kwa Kếnh. Kauri ikapasuka. Kếnh akaanguka, macho yamejaa majivu, wala hakuinuka. Nje pikipiki ikanguruma, ikatokomea. Sửu huyo kaenda zake. Ngoma ya hatari ya kijiji ikaanza kulia.

Mlango ulikuwa wazi. Thoại hakukimbia. Alimpakata mzee, akalibana jeraha kwa viganja, na damu ikazidi kumponyoka vidoleni.

"Sijala, bamkubwa," alilia. "Sijala bado. Unasikia?"

Sakafuni, kati ya vigae, udi ulikuwa haujaungua hata nusu.