Dawa Isiyooshwa

Unga wa muhogo ulianza kunuka baruti. Sabine aliutoa nje, akauanika upya, akausonga bugali, na bado harufu ile ilimpanda puani kila alipofunua sufuria. Mumewe Thaddée, aliyekuwa amerudi juzijuzi kutoka vitani na waasi walioitwa Simba, alikula kwa hamu akalamba vidole.

"Baba Claire, weye hausikie harufu?"

"Iko harufu ya muzuri," akasema.

Kisha zikaja hatua. Alasiri majirani walijaa uani kumsikiliza Thaddée akisimulia jinsi walivyoingia vijijini na jinsi watu walivyopiga magoti. Kila walipocheka, Sabine alisikia buti juu ya bati, zikitembea taratibu, zikisimama juu ya kichwa cha mumewe. "Ongeza!" majirani walisema. Sabine alitamani kuwamwagia maji ya moto, watu wale wale waliozika ndugu zao mwezi uliopita na sasa wanaomba masimulizi ya mauaji kama watoto wanaoomba sukari!

Mchana mmoja Thaddée alikuwa amelala kitandani na binti yao Claire ubavuni. Sabine alipoingia kumfunika mtoto aliona kamba za kitanda, upande usio na mtu, zikibonyea polepole kana kwamba mtu mzito anajilaza, na harufu ya baruti ikajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, na pumzi isiyo ya mumewe wala ya mtoto ikaanza kukoroma, na Claire, macho kafumba, akaanza kuimba kwa sauti nene ya kiume wimbo wa wapiganaji ambao hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Alimnyakua mtoto akakimbia kwa Mama Candide, mganga aliyewaosha watu wa vita.

"Bwana yako alioshwa?" mganga akanong'ona. Kila aliyenyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi alipaswa kuoshwa mtoni kabla ya kukanyaga kwake.

"Hapana, mama. Alipita moja kwa moja. Alisema iko na njala."

"Basi hakuingia peke yake mu nyumba."

Walimwosha jua likiwaka, pale mto Mulongwe unapoingia ziwani. Wanaume wanne walimshika. Mama Candide alimmwagia maji ya majani, akaliamuru jini lililomfuata kutoka vitani litoke, na kinywa cha Thaddée kikafunguka kikatoa sauti kavu ya mzee.

"Natoka! Minye mwenyewe nimechoka. Huyu muntu haniachi nilale!"

Maji yaliyomzunguka yakawa meusi, yakaelekea ziwani. Thaddée akalia, kwa sauti yake mwenyewe. Sabine alimkumbatia hapo hapo majini, akicheka, akilia, akimshukuru Mungu. Siku ile unga ulinuka unga, na bati likakaa kimya.

Jumapili, lori la wapiganaji wa Simba likapita kuelekea vitani Kamanyola, likiimba. Wanawake wakapiga vigelegele barabarani. Thaddée alikuwa anashona wavu wa kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani. Aliuweka chini, akanawa mikono, akavaa shati.

Sabine alimkamata ukosi. "Iko inakuita! Kataa, Baba Claire!"

Alimtazama kwa macho mapole, safi kabisa.

"Hakuna kitu inaniita, Sabine. Kule watu waliniogopa. Huku minye ni muntu wa ndagala tu."

Akapanda lori.

Sabine alimvuta Mama Candide mpaka nyumbani kwa hasira, kilemba kimemwanguka njiani. Mganga alinusa kitanda, akanusa unga, akalitegea bati sikio kwa muda mrefu.

"Sema imerudi!" Sabine alipiga kelele. "Sema, mama, nipate wa kuchukia!"

Mama Candide hakuweza kumtazama usoni.

"Hamuna kitu humu, mwanangu. Alienda yeye mwenyewe."